Neno la Mwisho Lilikuwa Langu

Denise,

Nimeanza barua hii mara tatu. Mara ya kwanza niliandika "Mpendwa Niza," nikaichana, kwa sababu Niza, jina lako la jukwaani, ni wa watu wote na mimi sina la kumwambia. Mara ya pili niliandika "Marehemu," mkono ukakataa. Basi ni Denise, binti wa Mama Denise wa Rugerero, uliyekuwa unaazima sketi zangu na kuzirudisha zimelegea kiunoni. Huyo ndiye ninayemwandikia, mimi Solange wako wa nyumba ya pili.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kinyarwanda kilikuwa cha wazazi na cha sala, lakini umbea wetu wote tuliupiga kwa Kiswahili tulichotoka nacho Goma. Ila naandika kile cha Mwalimu Fidelis wa kwaya, aliyekulia Tanzania na kutusahihishia karatasi za nyimbo kwa kalamu nyekundu. Amekufa na bado naiogopa kalamu yake.

Hii ni wiki ya saba tangu tukuzike. Ziwa liko palepale. Madereva wa moto, zile pikipiki za abiria, wamebandika picha yako kwenye kofia zao. Kinyozi wa karibu na soko amekuchora ukutani, na pua si yako, amekupa pua ya mke wake. Siku ya soko kule Mahoko kila kibanda kinapiga wimbo wako, na hakuna vibanda viwili vilivyofika mstari mmoja. Hata simu ya mume wangu, huyo shemeji yako mpole, inalia kwa sauti yako. Mkubwa wake wa kazi akimpigia, wewe ndiye unaimba jikoni kwangu na mimi nikiwa nimeshika mwiko.

Na marafiki. Sikujua ulikuwa na marafiki wengi namna hii. Kila mtu ana picha na wewe, kila mtu alikuwa wa mwisho kuongea na wewe. Mwanamke mmoja alisema kwenye redio kwamba ulimweleza siri zako zote, na kwamba tangu utotoni ulikuwa unaogopa maji. Wewe, uliyekuwa unaogelea mpaka mama yako anakufuata na fimbo. Nikaizima redio. Kisha nikaiwasha tena, maana nilitaka kusikia kama atataja jina langu. Hakulitaja.

Nakwambia wazi, kwa sababu sasa huwezi kunicheka: nina wivu. Nilikuonea wivu ukiwa hai, nikadhani tutauzika pamoja na wewe. Umekufa, na nimeuonea wivu hadi msiba wako. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ni fundi wa nguo, ningepaswa kumwona mdudu huyo mapema.

Ngoja nikueleze habari ya kitenge. Kamati ya msiba ilichagua vitenge viwili, cha bluu cha familia na cha kahawia cha marafiki. Mama yako akaja mwenyewe kwenye kiwanda changu kidogo, macho yamevimba, akanishika mikono. "Solange mutoto yangu, we ndo utashona," alisema. "Juu we ndo unajua Denise alikuwa anapenda nguo ya namna gani." Nilishona siku tatu. Wakaja wanawake wa Kigali, wakasimama mbele yangu wamenyoosha mikono niwapime, wananukia vizuri, wanalia bila kuharibu wanja. Mmoja, aliyekujua miaka miwili, akasema wewe na yeye mlikuwa kama mapacha. Pini ikamchoma begani. Niliomba radhi, nikasema imeteleza.

Nilipomaliza, hakukuwa na kitambaa changu. Si cha bluu, si hata cha kahawia. Kamati haikuniandika kwenye orodha kwa sababu kila mtu alidhani fundi ameshajikatia chake kwanza. Na mimi sikujikatia kwa sababu nilikuwa nangoja mtu aseme, "Na wewe Solange, chako kiko wapi?" Nilitaka kuulizwa. Basi nilikuja kukuzika na gauni langu la kijivu la Jumapili. Pale makaburini mtu wa protokole akanigusa kiwiko, akaniomba nirudi nyuma kidogo ili familia ipite. Nilisogea.

Kutoka huko nyuma nilisikia wakisoma historia ya maisha yako. Walisema ulizaliwa na kipaji. Walisema mtindo wako wa kuacha neno la mwisho bila kuliimba ulikushukia kama ufunuo ukiwa peke yako kando ya ziwa. Nikatazama viatu vyangu. Wewe na mimi tunajua ulitoka wapi.

Ulitoka kwenye kifua chako kibovu. Tulikuwa na miaka kumi na minne. Ulikuwa na sauti ya kumfanya padri asahau mahubiri yake, lakini pumzi yako ilikuwa fupi, ikikatika kila ukikaribia mwisho wa mstari. Mwalimu Fidelis alijaribu kila kitu. Akatutuma Nyamyumba, kwenye maji ya moto, tukainame juu ya mvuke kifua kifunguke. Tulitembea kwa mguu, tukachemsha viazi vyetu mle mle kwenye chemchemi kama wafanyavyo wengine, tukaimba na nyuso zimelowa, wanawake waliokuwa wakioga wakatupigia makofi. Kifua hakikufunguka. Jumapili iliyofuata, katikati ya mazoezi, ukakwama tena, na Mwalimu akaigonga meza kwa penseli. "Denise, ishia hapo. Solange, maliza."

Ndivyo ilivyokuwa kuanzia siku hiyo. Wewe uliimba mstari, mimi nikaimba neno la mwisho. Sauti yangu haikuwa nzuri kama yako, hilo nimelijua siku zote, lakini ilikuwa ndefu. Tulijifunza kuunga bila mshono kuonekana. Waumini walidhani ni sauti moja. Kuna bibi alikuja kukupongeza wewe kwa namna ulivyoliachia lile neno la mwisho likafika hadi mlangoni, na wewe ukasema asante. Unakumbuka? Mimi nakumbuka. Nilikuwa nimesimama pembeni yako nikikunja kanzu za kwaya.

Halafu ile harusi kwenye hoteli ya ufukweni. Patrick, yule mtengenezaji wa muziki aliyekulia Uganda, alikuwa miongoni mwa wageni. Alitusikiliza akiwa ameacha chakula chake, akakuita nyuma ya hema. Uliporudi hukuniangalia usoni. "Ni mutu moja tu ndo wanataka, Solange." Nikauliza mtu gani, kama vile sikujua. Wiki mbili baadaye ulipanda basi la Kigali na sketi yangu ya kijani kwenye begi.

Wimbo wako wa kwanza ulinikuta nikiwa na pini mdomoni. Redio ilikuwa dirishani. "Hata ukichelewa, nitakufungulia..." ukaimba, kisha kimya, ngoma ikapiga mara moja, ukaingia mstari mwingine. Mdomo wangu wenyewe ukasema "mlango," na pini zikamwagika sakafuni. Nikangoja aje mtu mwingine kulijaza lile tundu. Hakuja. Wimbo mzima ulikuwa na matundu kama neti iliyoliwa na panya.

Na mlango wenyewe, Denise. Mlango ulikuwa wetu. Ule wa nyuma, wa bati, niliokuwa nakufungulia jioni ulipochelewa mazoezini na baba yako ameshafunga wa kwenu. Nilikuwa naunyanyua kidogo usilie. Umeimba mlango wa nyumba yetu kwenye nchi nzima na jina la mnyanyuaji hukulitaja.

Watangazaji wakasema ni mtindo mpya, msanii anayetuachia neno. Mabinti wa hapa Gisenyi wakaanza kumeza mwisho wa mistari hata kanisani, na Mwalimu Fidelis karibu aiache kwaya kwa hasira. Ulemavu wako ukawa fasheni. Ukapata gari, ukapata nyumba yenye ngazi ndani, ukapata meno meupe kuliko uliyozaliwa nayo. Mimi nilipata mume mwema na cherehani ya umeme, na ningeridhika kabisa kama nisingekuwa nakusikia kila siku.

Ulipokuja kufanya tamasha ufukweni, nilikuja. Nilijiambia nimekuja kuangalia nguo ulizovaa, na kweli zilishonwa vibaya mabegani. Ulipofika kwenye ule mstari ukanyoosha kipaza sauti kwa watu, na ufukwe mzima ukaimba neno langu. Walevi waliliimba, watoto waliokaa mabegani mwa baba zao waliliimba. Mimi nilifunga mdomo mpaka meno yakaniuma. Kwa hiyo nafasi yangu, nilifikiri, umeigawa kwa yeyote aliyepita.

Asubuhi yake ulikuja nyumbani na miwani mikubwa, ukakaa kwenye benchi la wateja. "Juu ya nini hukuimba? Nilikuwa nakuangalia." Nikasema nina kikohozi. Ukaniita nije kwako: "Kuya Kigali, Solange. Kuya turekodi." Nikasema nina nguo za watu. Uliniambia hivyo hivyo mwaka uliofuata, na mwingine. Ulinitumia ujumbe wa sauti mrefu mrefu, nikausikiliza mara mbili mbili, nikakujibu kwa kile kidole gumba cha kwenye simu. Watu walipokusifu mbele yangu nilikuwa na methali yangu tayari: aliye juu mngoje chini. Nilikungoja chini, Denise, miaka yote hiyo. Sikujua kwamba utashushwa kaburini kwa kamba.

Sasa nifike pale ninapopakwepa tangu mwanzo wa barua.

Nilikuja kukuona hospitalini mara moja tu. Kifua kile kile kilikuwa kimekuangusha, na safari hii hapakuwa na mvuke wa kutosha. Nilikuletea sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wa kukaanga, nimewafunga kwenye taulo wasipoe, kana kwamba umbali kutoka huku ungewaonea huruma. Ulikuwa mdogo kitandani, na kile kifaa cha hewa puani. Mama yako akatuachia chumba. Ukanishika kidole kimoja, ukaanza ule mstari, taratibu, karibu bila sauti. "Hata ukichelewa, nitakufungulia..." Ukanyamaza. Ukanitazama, ukangoja.

Nilijua unangoja nini. Neno lilikuwa mdomoni, nimeshavuta pumzi. Halafu nikaona ukutani bango lako la tamasha, mama yako alikuwa amelibandika ili likufurahishe, umecheka na meno yako mapya, nikalimeza neno. Nikanyoosha shuka lako. Nikasema samaki watapoa.

Ulifumba macho. "Bon," ulisema. "Siku ingine."

Zilipita siku tisa ukafa. Nimeshona magauni mangapi tangu hapo sijui, na kila mshono nimeusikia ukisema siku ingine. Sijamwambia mtu, hata mume wangu. Kwa hiyo ndiyo, nina wivu na wale wanawake wa Kigali, lakini wao walikulilia na mioyo yao misafi. Hata hilo nalionea wivu.

Juma lililopita Patrick alikuja kiwandani kwangu. Amezeeka, ana mvi kwenye ndevu. Alikuwa na kompyuta mgongoni, akaisogeza mikasi yangu akaiweka mezani. Alisema kuna wimbo wako mmoja haujatoka, uliurekodi nyumbani kabla ya kulazwa. Kuna binti mwenye jina kubwa sasa hivi Kigali, mdogo, mzuri, ameomba ayajaze matundu yote kwa sauti yake, kwa heshima yako. Mama yako amekataa kusaini. Amemwambia, "Wende kwa Solange kwanza." Hakumweleza kwa nini, na yeye alidhani ni mambo ya familia tu. Alinipa vile vya kufunika masikio, nikaviweka juu ya kilemba.

Nilikusikia ukivuta kiti. Nilikusikia ukikohoa, ukicheka kidogo, ukimwambia mtu afunge dirisha. Kisha ukaimba mstari wa kwanza, na pumzi ikakata mahali pake pa zamani. Na pale kwenye kimya, kwa sauti ya chini kabisa, kama ulikuwa unaongea na mtu aliyesimama begani kwako, ukasema: "Solange, maliza."

Nilimwambia arudishe. Akarudisha mara nne. Mstari wa pili, vile vile. Wa tatu, vile vile.

Patrick alishangaa kuniona nimeshika meza. "Hiyo iko kwenye nyimbo zote, sista," alisema. "Kuanzia wa kwanza. Tulikuwa tunaikata kila mara. Tulifikiri ni namna yake ya kuhesabu." Kisha akanitazama vizuri, akaangalia jina lililopakwa rangi juu ya mlango wangu, na uso wake ukabadilika. "Hatukujua kama Solange ni mtu," alisema.

Unataka kujua kama nililia? Sikulia. Nilikasirika. Nilikukasirikia hivi kwamba nilimwomba Patrick atoke nje anunue mandazi ambayo hakuna aliyeyataka. Miaka yote nilikuwa nimeshika deni la uongo dhidi yako, naliosha na kulianika kila siku. Nilisema umeniibia nafasi. Kumbe uliiweka wazi katika kila wimbo, ukasimama kwenye chumba kilichofungwa ukaniita kwa jina, wakakukata, ukaniita tena kwenye wimbo uliofuata. Nafasi haikugawiwa mtu. Ilikuwa tupu kwa sababu mimi sikuja.

Na bado, ona moyo wangu ulivyo, nikaona wivu upya. Ulinizidi sauti, nikavumilia. Ulinizidi jina, nikavumilia kwa shida. Sasa unanizidi na wema pia, tena umeshakufa, siwezi kukufikia. Hukuweza kuniachia hata hicho?

Ungesema tu. Najua, najua, ulisema. Ulisema "kuya" mpaka ukachoka, na mimi nikatuma kidole gumba.

Basi sikiliza. Nimemwambia Patrick siendi Kigali. Sauti yangu haijui kupanda basi. Kama anaitaka aje aichukue hapa, kwenye chumba cha kwaya, pale penye meza yenye alama za penseli ya Mwalimu. Amekubali. Leo ameshinda anapigilia mablanketi madirishani, na kina mama wa kwaya wamemletea chai, wanamwangalia kama anayejenga hema la harusi. Kesho asubuhi baada ya misa nitaimba. Si wimbo huo mmoja tu. Nimemwambia alete zote, tangu ule wa mlango.

Akaniuliza jina langu waandikeje, kwa sababu huwa wanaandika "sauti ya pili" kwa herufi ndogo chini kabisa. Nikamwambia Solange, kwa herufi kubwa sawasawa na za Niza, na kama hazitoshi kwenye ukurasa apunguze za Niza. Usidhani nimepona.

Nimetoka Nyamyumba mchana huu. Nilikwenda kuinama juu ya mvuke, peke yangu, na viazi viwili. Viazi viliiva kabla sijawa tayari. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiwaogesha watoto aliniuliza kama naumwa, nikasema hapana, nafungua kifua cha mtu. Akanipisha mahali pazuri.

Jambo la mwisho. Chini ya cherehani nilikuta vipande vilivyobaki vya kitenge cha bluu, cha familia, vyembamba, havifai hata mfuko. Nimeviunga. Kimetoka kilemba, kina mishono kumi na moja na yote inaonekana. Mama yako alipita jioni hii akakiona mezani. Akakishika, akakigeuza. Kisha akauliza, "Na gauni yako iko wapi, Solange?" Nikamwambia. Akakaa kwenye benchi la wateja, akalia, na mimi nikalia naye, mara ya kwanza tangu uondoke. Kesho nitakivaa.

Msalimie Mwalimu Fidelis. Kama ana kwaya huko, na nina hakika anayo, mwambie asimpe mtu nafasi ya pembeni yako, nitakuja na sauti yangu ndefu, ila sina haraka. Nisamehe kwa siku ile ya samaki. Nakuahidi kwamba kuanzia kesho, popote utakapoimba, kwenye moto, kibandani Mahoko, kwenye simu ya mume wangu, hakuna mstari wako utakaobaki wazi.

Vuta pumzi unayoweza. Ikikata, usihangaike.

Ishia hapo, Denise. Namaliza mimi.

Solange